Raketi Inavuta, Inapinduka, Inaumiza Mkono: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubandika Risasi

Raketi nyingi za tenisi zinazoletwa kwangu na malalamiko ya "fundi, hii nzito" hazina ugonjwa wa uzito. Mzee mmoja alikuja na yake akitaka niichonge kichwani ipungue. Nikaanza na mpini. Nikavua ovagripi (utepe unaofungwa juu ya gripi ya mpini) nyeupe, chini yake ya bluu, chini yake nyeusi, na ya nne ilikuwa imeshakosa rangi, inanata kama kashata iliyoachwa juani. Zote nne kwenye mizani zilizidi gramu 20. Nikamfunga moja mpya, akazungusha mara mbili pale pale dukani, akaniuliza nimekata wapi.

Sijakata popote. Mpini ulikuwa umenenepa mpaka vidole havikutani vizuri na kiganja, akawa anaubana kwa nguvu zote, na mkono unaobana huisikia kila kitu kizito. Ndiyo sababu naandika haya kwa mpangilio wa dalili. Mtu haji na "balansi mbaya", anakuja na "nachelewa", "inapinduka", "kiwiko kinauma". Chini ya kila dalili, chanzo ninachokutana nacho mara nyingi kinatangulia na cha nadra kinafuata.

Vipimo vitatu, kabla ya kugusa chochote

Pima raketi ikiwa kamili: nyuzi, ovagripi na dampa (kidude kinachobanwa kwenye nyuzi kupunguza mlio) juu yake, kama unavyocheza nayo.

Uzito: mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha, mradi isome gramu moja moja. Namba iliyoandikwa kwenye fremu kwa kawaida ni ya raketi isiyo na nyuzi. Nyuzi peke yake ni gramu 15 hadi 18, ovagripi ni gramu 5 au 6. Kwa hiyo aliyenunua "300" akakuta mizani inasema 322 hajaibiwa.

Balansi: simamisha rula kwa ukingo wake mezani, weka raketi juu yake, isogeze mpaka isilale upande wowote, kisha pima kutoka kitako cha mpini hadi pale ilipotulia. Raketi ya kawaida ina urefu wa inchi 27, yaani sm 68.6, hivyo katikati yake ni sm 34.3. Ukipata pungufu ya hapo, mzigo uko mpinini. Ukipata zaidi, uko kichwani. Nyuzi husogeza balansi kuelekea kichwani kwa karibu sm 1, kwa hiyo usilinganishe raketi yenye nyuzi na isiyo nazo. Ukisikia wauzaji wakitaja "pointi", pointi moja ni sehemu ya nane ya inchi, zaidi kidogo ya mm 3.

Cha tatu ndicho wengi hawakijui, nacho ndicho mkono unachokisikia hasa: uzito wa bembea. Raketi mbili zinaweza kuwa na gramu sawa kabisa lakini moja ikazunguka kama fagio na nyingine kama nyundo. Kinachohesabiwa ni gramu ziko umbali gani kutoka pale unaposhika. Mafundi huchukua sm 10 kutoka kitakoni kuwa ndipo mhimili ulipo, na kila kipande cha uzito huhesabiwa kwa umbali wake kutoka hapo, umbali ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe. Raketi nyingi za watu wazima, zikiwa na nyuzi, huangukia kati ya 300 na 335 hivi kwa kipimo cha kilo mara sentimita za mraba. Namna ya kukipima nyumbani iko mbele, kwenye suala la raketi pacha.

Umbali huo unavyofanya kazi, utaona kwa gramu 4 zilezile zikibandikwa sehemu tofauti:

- kitakoni kabisa: uzito wa bembea hauongezeki hata 1
- kooni, pale nyuzi zinapoanzia: kama 2.5
- pembeni mwa kichwa, kushoto na kulia: kama 7
- mabegani mwa kichwa: kama 10
- kwenye ncha: 13 na ushee

Nusu ya malalamiko ya "nilibandika risasi raketi ikaharibika" (yaani utepe wa madini ya risasi wa kuongeza uzito) yamo ndani ya orodha hiyo.

Dalili: kichwa kinavuta, nachelewa kufika kwenye mpira

Anza na mpini, kwa sababu za yule mzee. Shika raketi kwa mshiko wako wa fohendi (pigo la kiganja kikitazama mbele), kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole vyako na kiganja. Kikipita kwa kugusagusa, unene ni sawa. Kikikosa nafasi, mpini ni mwembamba. Kikipwaya, ni mnene. Vyote viwili vinakufanya ubane. Na kama gripi imekuwa laini na inateleza kwa jasho, jambo ambalo pwani halina msimu, badilisha ovagripi kwanza, cheza seti moja, kisha ndiyo urudi kwenye risasi.

Chanzo cha pili, hasa kwa raketi za mtumba: gripi ya asili iliondolewa. Raketi iliyotoka na gripi ya ngozi, yenye karibu gramu 28, ikivalishwa gripi ya kawaida ya karibu gramu 17, imepoteza gramu 10 mpinini na kichwa kinaonekana kimeota. Vua ovagripi uangalie. Kurudisha ngozi ndilo rekebisho safi kuliko yote ninayoyajua: hakuna kubandika, na kingo za mpini zinasikika vizuri mkononi.

Tatu, mmiliki wa zamani alibandika vitu. Pitisha kidole ndani ya ukingo wa kichwa, pande zote mbili za nyuzi. Kisha chunguza bampa, ile plastiki inayokinga ncha. Risasi iliyofichwa chini ya bampa haionekani mpaka nyuzi zikatwe, hivyo ukikuta balansi ya sm 35 kwenye raketi ambayo aina yake inajulikana kuwa nyepesi kichwani, mwambie fundi aangalie huko siku ya kubadilisha nyuzi. Mimi nimeshatoa vipande vinne chini ya bampa moja, vimepangwa kama vigae.

Ukimaliza hayo matatu na kichwa bado kinavuta, basi ndivyo raketi ilivyozaliwa. Hapa kuna ushauri unaozunguka sana viwanjani: "ongeza uzito mpinini, kichwa kitakuwa chepesi." Ni kweli nusu. Gramu 10 ukiziweka sm 5 kutoka kitakoni, raketi ya gramu 318 yenye balansi ya sm 33 itasogea mpaka karibu sm 32.1, na ukiishika umesimama unasubiri sevu (pigo la kuanzisha mchezo) utaisikia imetulia. Lakini uzito wa bembea haujapungua hata chembe; umeongezeka kwa 0.25 hivi. Kichwa kilichokuwa kinachelewa kitaendelea kuchelewa, sasa kikiwa na raketi nzito zaidi nyuma yake. Mpini hutibu mshiko na voli (mpira unaopigwa kabla haujadunda). Anayechelewa kwenye fohendi anahitaji gramu zitoke kichwani, au abadilishe raketi.

Simama hapa: usichonge fremu, usikate bampa kwa kisu, usitoe gromiti (vijibomba vya plastiki kwenye matundu ya nyuzi) ili "kupunguza". Gromiti ndizo zinazozuia nyuzi zisikatwe na kingo za matundu. Fremu ikikatika siku ya kufungwa nyuzi, hakuna fundi atakayekulipa.

Dalili: raketi inapinduka mkononi mpira ukigonga pembeni

Angalia mshiko na ovagripi kama hapo juu. Kisha angalia nyuzi: zikiwa zimelegea, mpira unazama na kukaa kidogo, na ukigonga nje ya katikati utahisi kichwa kinageuka. Na kuna chanzo ambacho hakuna anayependa kukisikia, kwamba unagonga pembeni kila mara. Paka chaki kidogo kwenye mpira mkuukuu, piga mipira 10 ya kurushiwa, uangalie alama. Zikiwa zimekusanyika upande mmoja, tatizo liko kwenye miguu. Raketi haina kosa.

Alama zikiwa katikati na bado inapinduka kwa mipira ya kasi, hapo ndipo risasi inastahili. Hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote: pande mbili za kichwa, mkabala. Uzito ulio pembeni mwa mstari wa katikati, ule wa kutoka kitakoni hadi ncha, hufanya raketi iwe ngumu kugeuzwa na mpira, bila kuivuta sana kuelekea ncha.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane kuhusu saa. Vitabu vya Kizungu huonyesha sehemu za kichwa kwa uso wa saa, na mimi husema kwa saa ya Kiswahili, mshale mfupi ulipo. Ncha ni saa sita. Pembeni ni saa tatu na saa tisa, na hapo kwa bahati hata anayesoma namba za Kizungu atafika palepale, amebadili tu upande. Mabegani ni saa nne na saa nane. Kooni ni saa kumi na mbili. Kijana mmoja nilimwelekeza kwa simu, "weka gramu 4 saa sita," baada ya siku mbili akapiga: "Fundi, nimeweka, mbona sioni tofauti?" Alipokuja, risasi ilikuwa kooni, juu tu ya shingo. Aliitazama saa ya ukutani, akaifuata namba 6. Kwa kuwa koo liko karibu na pale raketi inapobalansi, ni kama hakuweka kitu.

Sasa kazi yenyewe. Utepe wa risasi mwembamba, wa upana wa robo inchi, ni karibu gramu 1 kwa kila sm 10, lakini usiniamini: kata mita moja, pima, gawanya. Anza na gramu 1 saa tatu na gramu 1 saa tisa. Futa fremu kwa spiriti, acha ikauke. Bandika ndani ya kichwa, kandokando ya mstari wa gromiti, usizibe matundu. Funika kwa tepu ya umeme. Cheza angalau mara mbili kabla ya kuongeza. Siku ya kwanza mkono husifia kila kitu kipya.

Ukifika gramu 2 kila upande, yaani 4 kwa jumla, balansi ya raketi ya gramu 318 itakuwa imesogea kama mm 2.4 kuelekea kichwani. Ukitaka kuirudisha ilipokuwa, weka gramu 2.5 hivi chini ya kitako au ndani ya ovagripi mwishoni mwa mpini. Hesabu yake ni ya mtoto anayecheza pembea ya ubao: gramu zilizo kichwani mara umbali wake kutoka penye balansi (4 × 19), gawanya kwa umbali wa kitako kutoka penye balansi (kama 31). Raketi sasa ina gramu 6.5 zaidi, na uzito wa bembea umepanda kwa 7. Kwa mchezaji wa wikiendi hiyo si ndogo.

Usipitilize kwa kuiga. Pete Sampras, bingwa wa zamani wa tenisi kutoka Marekani, alijulikana kwa kuipakia risasi raketi yake ya Pro Staff yenye kichwa kidogo cha inchi 85 za mraba, mpaka ikawa mzigo ambao wengi wasingeweza kuusevia seti mbili. Sampras alikuwa uwanjani kila siku tangu utotoni. Wewe unafika Jumamosi saa moja asubuhi na vitumbua bado viko tumboni.

Tahadhari ya risasi yenyewe: ni sumu. Usiikate mezani pa chakula, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, ifunike isiguswe, na usiibandike kabisa kwenye raketi ya mtoto. Kuna wanaoponda risasi za nyavu za wavuvi kwa nyundo wakazigundisha. Vumbi lake ni baya, uzito wake haupimiki vizuri, na siku itakapochomoka katikati ya sevu itaruka kama jina lake. Utepe wa tangsteni unapatikana kwa kuagiza, ni ghali zaidi lakini hauna sumu hiyo, nao ndio ninaowawekea wenye watoto nyumbani.

Dalili: mpira hauna nguvu, unaanguka mfupi

Nyuzi. Halafu nyuzi tena. Poliesta iliyokaa miezi sita kwenye raketi, hata kama haijakatika, imekufa. Bado inaonekana imekaza lakini hairudishi kitu. Sukuma nyuzi za wima kwa kidole upande mmoja, uziachie. Zisiporudi zenyewe na zimechimba vijifereji zinapokutana, badilisha. Ukibadilisha, shusha paundi (kipimo cha mkazo wa nyuzi) 2 au 3 chini ya ulizokuwa nazo kabla hujafikiria kuongeza uzito.

Chanzo cha pili ni raketi nyepesi mno kwa mwili wako. Watu wazima wengi huanza na raketi ya gramu 260 waliyouziwa kwa kuwa "inafaa kujifunzia", wakabaki nayo miaka mitano. Ikiwa uzito wa bembea uko chini ya 300 na mkono wako hauchoki, ongeza gramu 2 saa sita, au gramu 1 na 1 saa nne na saa nane. Saa sita huongeza nguvu haraka na kupandisha juu ile sehemu tamu ya nyuzi, pale mpira unapotoka vizuri zaidi, lakini ndiyo inayochelewesha voli. Saa nne na nane ni maafikiano ninayoyapenda: nguvu kiasi, uthabiti kiasi.

Dalili ya kinyume, mpira kuruka nje kila mara, haihusiani na uzito karibu kamwe. Kaza nyuzi paundi 2, au jifunze kuuzungusha mpira.

Dalili: kiwiko au kifundo cha mkono kinauma

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanajiumiza kwa utepe wa gramu 3.

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yanayochomoza unapoinua jagi au kukamua nguo, ndiyo yanayoitwa kiwiko cha mcheza tenisi. Raketi inaweza kuwa imechangia, mara nyingi kwa mpangilio huu: nyuzi za poliesta ngumu zilizokazwa sana au zilizozeeka, mpini usiolingana na kiganja, raketi nyepesi na ngumu yenye mzigo kichwani, na, kwa nadra, raketi iliyozidishwa uzito.

Zingatia hiyo ya tatu. Mtu akianza kuumwa hukimbilia raketi nyepesi zaidi. Raketi nyepesi inatikiswa na mpira zaidi, na kinachotikisa raketi kinapokelewa na mkono. Wengi niliowaona wakipata nafuu walikwenda upande mwingine: nyuzi laini, paundi za chini, raketi yenye gramu kadhaa zaidi lakini zikiwa mpinini. Dampa haisaidii hapa. Inanyamazisha mlio wa nyuzi tu, mtetemo wa fremu hauigusi.

Utaratibu: acha kucheza kwanza. Mkono ukiwa umetulia, badilisha nyuzi peke yake, ujaribu dakika 20 za mipira laini. Kisha rekebisha mpini. Uzito uwe wa mwisho, na uanzie mpinini, ngozi au utepe chini ya gripi. Usibadilishe vitu viwili siku moja, maana hutajua kipi kilikuponya au kilikuumiza.

Simama, nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, kama maumivu yanakuamsha usiku, vidole vina ganzi, kiungo kimevimba, kikombe cha chai kinakuponyoka, au ulisikia kitu kikikatika. Vivyo hivyo kama wiki mbili za kupumzika hazijabadilisha kitu. Fundi wa raketi akikwambia ana dawa ya hapo, badilisha fundi.

Dalili: raketi mbili za aina moja, lakini hazifanani mkononi

Hujarogwa. Viwanda huruhusu tofauti ya gramu kadhaa na milimita kadhaa kati ya raketi za aina moja, na ukichukua moja ya upande wa juu na moja ya upande wa chini, tofauti unaisikia kwenye mpira wa kwanza.

Kwanza hakikisha nyuzi, paundi, ovagripi na dampa ni vilevile. Theluthi ya kesi zangu huishia hapo. Kisha pima zote. Mfano halisi wa mezani kwangu: raketi A ina gramu 322 na balansi ya sm 33.2, raketi B ina gramu 316 na sm 32.8. Siku zote unainua nyepesi ifike ilipo nzito, kwa kuwa kuongeza ni rahisi na kupunguza ni balaa.

B inakosa gramu 6. Ziwekwe wapi? Zidisha uzito kwa balansi: 322 × 33.2 ni 10,690. 316 × 32.8 ni 10,365. Tofauti ni kama 325. Igawanye kwa gramu 6: sm 54. Basi gramu 6 zikibandikwa sm 54 kutoka kitakoni, nusu kila upande, juu kidogo ya saa tatu na saa tisa, uzito na balansi vitalingana. Jibu likikujia sm 80, au chini ya sifuri, hesabu inakwambia haiwezekani kwa gramu hizo. Itabidi A nayo iongezwe kitu.

Lakini uzito na balansi vikilingana, uzito wa bembea waweza bado kukataa. Huo upime kwa kubembeza. Chukua spoku ya baiskeli iliyonyooka, ilaze kukingama mpini sm 10 kutoka kitakoni, ifunge kwa tepu. Sogeza meza mbili zikaribiane, egesha ncha za spoku juu yake, kichwa cha raketi kikining'inia chini. Isukume kidogo, upana wa kiganja tu, ibembee kwa uso wa nyuzi kama unapiga mpira. Hesabu mizunguko 20, kwenda na kurudi ni mmoja, kwa saa ya simu. Gawanya sekunde kwa 20. Kisha:

24.8 × uzito kwa kilo × (balansi kutoa 10) × sekunde za mzunguko mmoja × sekunde hizohizo

A na B zote zilitoa sekunde 26.6 kwa mizunguko 20, yaani 1.33. Mwenye raketi akafurahi, "ziko sawa!" Haziko. Kwa A: 24.8 × 0.322 × 23.2 × 1.33 × 1.33 inatoa 328. Kwa B, yenye 0.316 na 22.8, inatoa 316. Tofauti 12. Gramu zetu 6 pale sm 54 zinaongeza karibu 12, kwa hiyo mambo yalijipa. Ingekuwa hazitoshi, ningezipasua: chache zaidi kuelekea ncha, zilizobaki mpinini, hadi jumla yake ilingane.

Rudia kila kipimo mara tatu. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye mizunguko 20 linahamisha jibu kwa 2 au 3, na feni ikiwa inazunguka chumbani usisumbuke kupima. Kama una raketi nne za kulinganisha na mashindano Ijumaa, mpelekee mwenye mashine ya kupimia. Atamaliza kwa saa moja utakachofanya wikiendi nzima.

Dalili: kuna kitu kinagongagonga ndani

Tikisa raketi karibu na sikio, kwanza ukiwa umeshika kichwa, kisha mpini. Sauti ya kitakoni mara nyingi ni kifuniko kilicholegea, pini ya gripi, au utepe wa mwaka juzi ulioachia gundi. Fungua kijilango cha kitako kama kipo, tikisa kitoke. Sauti inayozunguka ndani ya kichwa kwa kawaida ni punje ya gundi au povu la kiwandani; haina madhara, ingawa inaudhi. Siku nyuzi zikikatwa, fundi anaweza kuizungusha mpaka itoke tunduni.

Wanaotaka uzito mpinini bila kuhangaika na utepe hupiga silikoni ndani kupitia kijilango. Inafanya kazi, lakini si kila mpini ni mtupu ndani, na ikishakauka hairudi nyuma. Tumia kwanza pamba na vipande vya risasi vilivyosokotwa ndani yake, cheza mwezi, ukiridhika ndiyo umpe fundi kazi ya silikoni. Usitoboe fremu kwa drili kwa sababu yoyote.

Na kuna mlio mmoja ambao haugongi, unalia mkavu, kama chungu chenye ufa. Gonga kichwa kwa ukucha ukizunguka taratibu, sehemu kwa sehemu. Pale sauti inapobadilika ghafla kuwa butu, kodoa macho: mstari mwembamba kama unywele, mara nyingi mabegani au shingoni, wakati mwingine umefichwa na rangi tu iliyobanduka. Mstari uliokaa kwenye rangi haushiki ukucha. Ukishika, hiyo raketi usiifunge nyuzi tena na usiiongezee hata gramu moja. Ikiwa imefungwa nyuzi tayari, zikate kwa kuanzia katikati, ukibadilishana wima na mlalo, ili mvuto utoke pande zote kwa pamoja, na uso wako uwe mbali na fremu.